Meno katika Ukili

Chama cha wasukaji mikeka kilikuwa na nafasi moja, iliyoachwa na marehemu Bi Zamzam. Mize, asiyeona, aliihitaji ili asirudi kuombaomba.

"Mkeka ni rangi, mwanangu," alisema mwenyekiti, Bi Kirembo. "Nyekundu utaijua kwa kuinusa?" Wenzake wakacheka.

"Nipeni ukili wa marehemu niumalizie," alisema Mize.

Wakampa ukili, utepe wa kushonea mkeka, ambao kifo kiliukatiza. Vidole vyake vikaupapasa, vikasita.

"Miaa hii ya ukindu iliyong'atwa ina rangi gani?"

"Nyekundu."

"Yote?"

"Yote."

"Basi Bi Zamzam alikufa haoni. Aliitia alama kwa meno, msije mkajua mkamtoa chamani."

Kisha Mize akasikia viganja vikipapasa, polepole, mkeka aliousuka marehemu, waliokuwa wameukalia wote.