Namba Moja

Barua ya kumfukuza kazi ilikuwa mezani, imeshapigwa muhuri. Tusajigwe, fundi wa mtandao wa kampuni ya kakao, hakuitazama. Alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya meneja, kashika waya wa kompyuta yake.

"Wiki mbili hatuwapati makao makuu Mbeya," meneja alifoka, "na wewe unatambaa miguuni pangu?"

"Tunawakosa ukiwepo ofisini tu, mzee. Ukizima kompyuta ukaenda Makwale kukagua kakao, tunawapata."

Karani kwenye kompyuta ya jirani alicheka, akakimeza kicheko haraka.

"Kila kompyuta ina namba yake," Tusajigwe aliendelea. "Namba moja ni ya ruta, mlango wetu wa kutokea kwenda Mbeya. Nani kaiweka kwenye kompyuta yako mpya?"

"Mimi. Ilinionya, nikalifuta onyo. Namba moja hapa ni nani kama si mimi?"

"Basi kila tunachotuma kinakuja kugonga kwako, na kwako hakuna njia."

Kidude cha plastiki kwenye ncha ya waya kilikuwa kigumu. Alikikandamiza kwa ukucha mpaka ukucha ukapinda.

"Usithubutu!"

Akavuta.

"Mbeya wamejibu!" karani alipiga kelele. "Ndaga fijo, asante sana, dada!"

Meneja alinyoosha mkono. "Rudisha waya wangu."

"Nitaurudisha, mzee. Lakini wewe utakuwa namba thelathini na saba."

Kisha akamsogezea ile barua. "Na hii itume makao makuu. Sasa itafika."