Mgonjwa wa Dirishani

Bwana Miche alilikwaruza kwa ukucha doa la kahawia kwenye shina la miiba la dungusi, akanusa kidole, kisha akakifutia suruali.

"Wangekuwa wadudu, hili lingebanduka," alisema. "Ingekuwa kuoza, hapa pangebonyea. Pakavu."

Mwalimu, aliyemleta kutoka kitaluni, alishusha pumzi. Mumewe aliyeegemea meza hakushusha kitu. Dungusi lilikuwa la mama yake, na mama alishatoa hukumu: mkwe wake analiua kwa uzembe.

"Asinifiche!" mama alipaza sauti kutoka chumbani, mlango ukiwa wazi nusu. "Kama linakufa, aseme! Ningekuwa na miguu yangu, lingenawiri hilo!"

Miezi minane mama hakuwa amekanyaga sakafu, tangu alipoteleza bafuni. Picha hazikuonyesha mfupa uliovunjika, lakini maumivu, mume alisema, hayapigwi picha. Mwalimu ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamsuka nywele, akamwachia chai ya chupa na sahani iliyofunikwa kando ya mto, ndipo akakimbilia shuleni. Shukrani yake ilikuwa kuulizwa mbona uji una mabonge.

Mkobani alikuwa na barua. Amepandishwa cheo, awe mwalimu mkuu katika mji mwingine, na jibu linatakiwa kesho. Mume alishamjibia: mama aachwe na nani? Mwalimu aliililia barua ile jikoni, bomba likiwa wazi ili asisikike.

Bwana Miche alikizunguka chungu taratibu.

"Ni jua tu," akasema. "Upande huu wa nyuma umezoea kivuli. Kuna mtu anaugeuzia dirishani mchana, jua likiwa kali, halafu anaurudisha. Na doa hili hapa ni la leo."

"Leo mchana nilikuwa darasani," mwalimu alisema.

"Asubuhi si ulifagia?" mume alidakia. "Umekisogeza chungu, ukakisahau. Akili yako yote iko kwenye barua. Dungusi moja limekushinda, shule nzima utaiweza?"

"Mwambie, mwanangu!" mama aliitikia kutoka chumbani.

Mwalimu aliupapasa mkoba wake. Alikuwa amechoka kuliko alivyokuwa na hasira. Aliona afadhali aandike tu kwamba hataki cheo, yaishe.

Bwana Miche alikuwa akifunga mfuko wake. Ugomvi wa watu haukumhusu, ila mmea ulimhusu.

"Sijui ni nani hapa nyumbani," alisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika na kazi yake, "lakini huyo anayeligeuza hajui lolote kuhusu dungusi. Hata chembe. Mwambieni afuge kuku."

"Nani hajui?"

Wote watatu waligeuka.

"Miaka ishirini naligeuza hivyo hivyo, kila siku saa saba, leo uje wewe unifundishe!" Mama alikuwa ameshafika katikati ya sebule, mikono kiunoni.