Dakika za Nyamizi

Kila nyumba ya mtaa wetu inaruhusiwa dakika arobaini za kilio kwa siku. Kisanduku kilichopigiliwa ukutani ndicho kinachozihesabu. Zikiisha, mtoto yeyote atakayelia huchukuliwa akalelewe kituoni, na mimi sijaona aliyerudi.

Wanangu pacha, Kulwa na Doto, wana miezi minne, na wananimaliza. Nikimnyonyesha huyu, yule anapiga kelele; nikimbeba yule mgongoni, huyu anatema ziwa na kuanza upya. Ikifika adhuhuri zimebaki dakika chache mno, nami siwaweki chini tena hadi usiku. Kwa hiyo kazi ya jikoni imemwangukia dada yao Nyamizi, mwenye miaka sita.

Jana jioni nilipomvua gauni nimwogeshe, nilikuta mkono umebabuka hadi kiwiko.

“Umeungua na nini?”

“Uji wa mchana.”

“Mbona hukulia, nikasikia?”

“Zilibaki dakika tatu tu, mama. Nikawaachia wadogo zangu.”

Nikampaka dawa. Hata hapo hakutoa sauti.

Leo nimemwamsha alfajiri, pacha wakiwa bado wamelala na kisanduku kikionyesha arobaini kamili. Nikampakata.

“Lia sasa, mwanangu. Lia mpaka uchoke. Zote hizi ni zako.”

Alijitahidi. Alifumba macho, akakunja uso kama anavyofanya Doto, akasubiri. Kisha akanitazama.

“Mama, kwani huwa inaanzaje?”