Vigingi vya Fuko

Mji wa panya ulipofurika wakazi, wengi walihamia pembezoni, na kila asubuhi walivuka uwanda mtupu kwenda kisimani huku mwewe akiwavizia. Fuko, mchimbaji wa njia za chini kwa chini, akaagizwa kuwafikishia njia mpaka kwao.

Fuko hakuwa mvivu, ila hakuwa na utulivu. Alipima, akapigilia kigingi penye nyumba ya mwisho, akarudi kuchora ramani. Alipokwenda tena, alikuta nyumba zimeshakipita kigingi. Akaichana ramani, akapima upya, akapigilia kingine mbele zaidi. Misimu mitatu ikapita hivyo. Usingizi ukamwisha, na mwewe akazidi kunenepa.

Siku moja akamkuta Mama Buku, panya mjane, akichimba shimo kando ya kigingi kipya.

"Mama, mbona hamtulii mahali pamoja?" Fuko akauliza kwa uchovu. "Nawafuata tangu mwaka juzi."

"Unatufuata?" Mama Buku akamtazama. "Sisi ndio tunaokufuata wewe, baba. Kila ukipigilia kigingi tunasema njia itatokea hapo, tunahama. Mume wangu alinyakuliwa na mwewe tukikihamia kile cha pili."

Fuko alikwenda kisimani na, ingawa bado hakuwa na utulivu, akaanza kuchimba bila ramani.

Mvua zilipoanza, njia ilitokeza kwenye nyumba za karibu, na wale wa mbali wakarudi wenyewe kujenga kandokando yake. Kigingi si njia.