Dawa ya Kupe

Mzee Ndalahwa hakuwa na mwarobaini wa kuulia wadudu, hakuwa na miwani, wala hakuwa na subira. Binti yake Kulwa, alipohamia Iringa, alimwachia ua la kwenye chungu aliloachiwa na marehemu mama yake na kumwelekeza awafute wadudu weupe kwa maji ya sabuni, jani kwa jani.

Yeye alilinyunyizia dawa ya kupe wa ng'ombe.

Siku ya tatu wadudu walikuwa wamekufa. Majani nayo yalikuwa yameungua, na shina likamkatikia mkononi.

“Mwandikie bintiyo kwamba mbuzi amelila, baba Kulwa,” jirani alimshauri. “Mbuzi hatabisha.”

Mzee aliandika: “Mwanangu, nimeliua mimi.”

Akalamba gundi, akafunga bahasha, akamkabidhi kondakta wa basi la Iringa.