Kufuli la Mama Zenebech

“Hiyo kompyuta ya kitandani kwangu iache ibaki nyekundu,” alisema Mama Zenebech. “Nimeshaizoea. Shida si mimi, shida ni wateja.”

Fikadu alicheka huku akifungua kompyuta yake ya mkononi juu ya gunia la pilipili chumbani kwake. Tangu lini mwenye duka akataka la kwake libaki bovu?

Wiki ile nzima, kila aliyefungua tovuti ya Mama Zenebech ya kuuzia berbere, pilipili iliyosagwa na viungo, awe Toronto au palepale mtaani Gulele, alikutana na onyo jekundu: mahali hapa si salama. Nani atalipia pilipili mahali palipoandikwa hivyo? Na Mwaka Mpya wa Kiethiopia ulikuwa kesho kutwa, siku ambazo Waethiopia wa ughaibuni huagiza ladha ya kwao. Cheti cha usalama cha tovuti, kilicholipiwa miaka kadhaa mbele, kilikuwa kimekwisha muda. Kampuni ilikuwa imetuma vikumbusho, tena si mara moja, kwenye barua pepe ya Eyob. Lakini Eyob, mwana pekee wa Mama Zenebech, alikuwa kaburini.

Ndiye aliyeijenga tovuti hiyo, figo zikimmaliza taratibu. Walimzika miaka minne iliyopita, siku chache kabla ya Mwaka Mpya, maua ya njano yameshaanza kuchanua milimani.

“Hakuniachia mjukuu, kaniachia duka,” mama yake alizoea kusema. “Likifa na hili, nitakuwa nimemzika mara mbili.”

Kwa hiyo Fikadu, aliyekua na Eyob kama ndugu, hakuwa na mzaha na kazi hii. Aliingia kwenye paneli ya kampuni inayohifadhi tovuti, akatafuta sehemu ya vyeti, akachagua jina la duka na kubonyeza pa kuombea kipya. Paneli ikamtaka athibitishe mwenye tovuti.

“Wanauliza ni ya nani, Mama.”

“Waambie ya Eyob.”

 Fikadu akaweka faili la uthibitisho walilolitaka, akasubiri.

“Ngoja nikuchemshie kahawa na mkate nikukatie,” alisema Mama Zenebech akiinuka. “Kwenu hawapiki siku hizi? Umekonda mpaka suruali inakuonea huruma!” Akatoka uani kupepea makaa.

Cheti kikatoka. Fikadu alifungua tovuti kwenye simu yake, na hilo hapo, kufuli dogo la usalama juu ya kioo limefungwa vizuri, hakuna onyo. Alhamdulillahi, kama asemavyo jirani Mwislamu, na ashukuriwe Mungu wa Mama Zenebech, duka limepona.

Angeishia hapo. Lakini wema nao una kiherehere chake. Aligeukia kompyuta ya mezani ya Eyob, ile ya kando ya kitanda aliyoambiwa aiache, ambayo Mama Zenebech hakuwa akiizima usiku wala mchana. Kando yake kulikuwa na kikombe cha kahawa ya asubuhi, kimejaa, kimepoa. Kulikuwa pia na maikrofoni ya Fikadu mwenyewe. Alimwazima Eyob miezi ile ya mwisho, alipokuwa akijifungia chumbani; Fikadu alidhani rafiki yake anaimba, na baada ya msiba hakuwa na moyo wa kuidai.

Alifungua tovuti. Jekundu! Cheti hiki bado hakijaanza kutumika, ndivyo kompyuta ilivyosema. Akatazama tarehe pembeni ya kioo, akaangua kicheko. Ilikuwa nyuma miaka mitatu.

“Mama naye kachanganya kalenda,” alijisemea. “Kwa kalenda yetu Waethiopia tuko nyuma ya wazungu miaka saba au minane, yeye kaona mitatu inamtosha.”

Akaisogeza tarehe mpaka ya siku ile. Onyo likatoweka. Hakumwambia kitu, alitaka ashangae mwenyewe. Alikunywa kahawa mpaka duru ya tatu, ile ya baraka, simu ya Mama Zenebech ikilia kila mara kwa oda mpya, na mama akambusu mashavuni huku analia kwa furaha.

Asubuhi yake simu ilimwamsha.

“Fikadu! Umegusa nini? Umenifanya nini, mwanangu?”

Hakuwahi kusikia mtu akilia vile tangu siku ya mazishi. Alikimbia mtaa mzima na viatu mkononi, akiamini duka limekufa.

Alimkuta Mama Zenebech ameketi kitandani mbele ya kompyuta. Tovuti ilikuwa wazi, kufuli lipo, oda zimejaa. Hakuzitazama. Mbele yake kulikuwa na vikombe viwili vya kahawa vinavyofuka moshi.

“Rudisha tarehe,” alisema.

“Mama, nikirudisha, hapa kwako onyo litarudi.”

“Lirudi! Niache na wekundu wangu. Rudisha ilivyokuwa.”

Fikadu akairudisha nyuma miaka mitatu.  Spika zikakwaruza, na sauti ambayo mara ya mwisho aliisikia hospitalini ikajaa chumbani.

“Umeamkaje, Mama? Ni mimi, Eyob. Hii ndiyo salamu ya mwisho niliyokurekodia na kuipangia tarehe yake. Asubuhi za mwaka mzima zimekwisha, na sasa najua umeshazoea. Kunywa kahawa yako. Kwaheri, Mama.”

Fikadu alijiziba mdomo kwa mkono. Mama Zenebech alijifuta uso kwa ncha ya shuka lake jeupe, akasogeza kikombe cha pili karibu na spika.

“Usimsikilize,” alisema. “Kila mwaka huniaga hivi. Kesho narudisha tarehe nyuma mwaka mmoja, namrudisha mwanzo.”