Safari ya Kobe Kwenda Kwenye Swichi

Sikilizeni basi, na mwenye kikohozi akimalize kabisa.

Wanyama walikuwa na mashine yao ya kusaga. Ngedere, kwa wepesi wake, alipewa kumimina mahindi. Kobe alipewa swichi iliyokuwa chini ukutani, ila yeye alipenda kukaa mlangoni, kwenye jua. Sheria ilikuwa moja: mahindi yakikwama, hakuna kugusa mpaka Kobe azime.

Siku hiyo mashine ikaanza kukoroma. Kobe akainuka, akashika njia ya kwenda kwenye swichi.

"Unakwenda wapi, babu?" Ngedere akacheka. "Mbona hayajakwama!"

"Yatakwama," akasema Kobe, akiburura miguu.

Yakakwama kweli. Kanga, mwenye mahindi, akasema, "Msubiri mzee, mwanangu."

"Nimsubiri yule? Wanao watakula mwakani!" Ngedere akainama kuchokoa mahindi kwa mkono. Mkono haukupata neno. Mkia uliokuwa ukining'inia nyuma ndio uliodakwa na mkanda wa mashine.

"Babu weee! Zima!" akapiga yowe, huku akivutwa kinyumenyume kwenye gurudumu.

Tak! Mashine ikanyamaza, na Ngedere amebakiza shubiri moja tu.

Akageuka, akamwona Kobe anahema kando ya swichi. "Ah, babu! Kumbe unajua kukimbia!"

"Nikimbie na miguu hii?" akasema Kobe. "Ningengoja uniite, Kanga angerudi kwake na unga wenye manyoya."